Moto Unaozimika

Kifua cha mzee Kavetu kilikuwa kinafunga jioni. Mchana kutwa alikuwa mtu kama watu: akigombana na mbuzi, akinusa ugoro wake, akimsema mwanawe Uerikua mpaka anatafuta pa kujificha. Lakini jua likishazama na ubaridi ukishuka kutoka mlimani, pumzi yake ilianza kupiga filimbi. Msimu wa baridi uliopita ilitaka kukatika kabisa. Tuliokuwepo tulimshikilia aketi wima mpaka alfajiri, maana kati ya boma lake na hospitali ya Opuwo kuna njia ya mlima tunayoiita Shingo, na Shingo haipitiki gizani. Huku mwamba, huku korongo, na katikati mawe kama ndama waliolala. Taa za kawaida za gari zinakuonyesha jiwe ukiwa umeshalipanda. Kulipokucha tukampeleka. Daktari alimwangalia, akatuangalia na sisi, akasema: safari nyingine msisubiri asubuhi.

"Kasema kama Shingo ni ya mama yake," Uerikua alilalamika tulipotoka nje.

Kuhamia mjini halikuwa neno la kumwambia mzee. Yeye ndiye mtunza okuruwo, moto wa wazee waliotangulia, ule unaokaa kati ya mlango wa nyumba kubwa na lango la zizi la ng'ombe. Mtu hapiti hapo katikati ovyo. Mgeni anazunguka nyuma. Mimi nimekaa nao miaka, nimekula maziwa yao ya mgando mpaka tumbo likasahau chakula kingine, na bado nazunguka, hata nikibanwa na haja. Moto wenyewe si mkubwa. Ukiupita bila kujua utadhani mtu kasahau kuzima jiko. Lakini asubuhi Vijanda, binti mkubwa wa mzee, hutoa kijinga cha moto ndani ya nyumba kubwa akakipeleka pale nje, na jioni hukirudisha ndani kilale. Mzee huketi hapo akizungumza na baba zake. Mtu wa kazi hiyo hapangi chumba mjini.

Basi Uerikua akanunua taa. Alikuwa na pikapu kuukuu aliyobebea unga, chumvi, mbuzi na watu kati ya Opuwo na maboma ya huku kwetu. Taa zilikuwa nne, za duara, kubwa kama sahani za harusi, na muuzaji alimwambia kwamba kwa taa hizo atamwona sungura anayefikiria kuvuka barabara. Akazifunga mwenyewe juu ya bampa. Waya alichukua ule mwembamba wa nyumbani, akauunga kwenye waya wa taa kubwa za gari, ili akiwasha ful ziwake zote pamoja. Fyuzi ilipoungua akaweka nyingine. Ile nayo ilipoungua akakata kipande cha waya wa seng'enge, akakichomeka mahali pake.

Msimcheke. Huku kwetu waya wa ua wa ng'ombe ndiyo dawa ya kila kitu. Unafungia bampa, unashikilia ekzosi, unatundikia nyama, na mzee Kavetu aliwahi kushonea nao kiatu. Hakuna aliyewahi kuona kitu kilichoushinda waya huo.

Mimi na Uerikua tuliondoka Opuwo alasiri, giza likatukuta kwenye Shingo, na kwa kweli ilikuwa raha. Kila jiwe lilisimama na kivuli chake. Niliona korongo mpaka chini, nikajuta kuliona. Uerikua alikuwa anaimba. Lakini kila alipopunguza mwendo taa zilififia na kuwa nyekundu, injini inakoroma kama punda aliyezidishiwa mzigo, halafu harufu ikaanza.

"Unasikia kama plastiki?" nikamuuliza.

"Ni viatu vyako, bwana."

"Viatu vyangu ni vya ngozi."

"Basi ni roho yako inaungua kwa wivu. Taa hizi hujawahi kuziona popote ulikozurura."

Kuna mti mmoja wa mopane uliovunjika tawi, kabla ya kona ya mwisho. Hapo kila dereva wa huku anazima taa kubwa, anaingia na zile ndogo, anazunguka boma kwa nyuma. Hakuna aliyetuandikia sheria. Ni kwamba kwenye ile kona pua ya gari inaelekea moja kwa moja kati ya nyumba kubwa na moto.

Uerikua akazungusha swichi. Taa zikabaki vilevile. Akaizungusha tena, ikazunguka bure mkononi mwake, laini kama ulimi. Ilikuwa imeyeyuka ndani. Akakanyaga breki, lakini gari lilikuwa limeshaingia kwenye kona. Akazima injini. Taa haziwaki kwa injini, zinawaka kwa betri. Tukawa tumesimama kimya kabisa, na taa nne zinamwaga mchana mweupe kupitia matundu ya ua.

Nikaona yote kama mchana. Mzee ameketi kwenye kigoda chake, mkono machoni. Ng'ombe wamesimama wote. Na Vijanda katikati ya njia ile ile, kijinga mkononi anakirudisha ndani, amepofuka, anapapasa hewa kwa mguu. Akajikwaa. Kijinga kikaanguka kwenye vumbi.

Uerikua alikuwa ameshatoka anapigana na boneti. Ilikwama, nayo ilikuwa imefungwa kwa waya. Alipofanikiwa kuung'oa waya wa betri, vidole vyake vilikuwa vimeungua, na giza lililorudi lilikuwa zito kuliko la kwanza. Ndani ya giza hilo tukaona nukta moja nyekundu ikiinuliwa kutoka chini, ikapulizwa, ikaenda polepole mpaka nyumba kubwa. Vijanda alikuwa amekiokota kwa vidole vyake.

Asubuhi, Uerikua alipomletea baba yake maziwa, mzee aliyapokea, akanywa, akafuta mdomo.

"Lile gari silipandi."

"Tate, nimezifunga kwa ajili yako."

"Basi nitakufa kwa ajili yangu."

"Tate, nisikilize—"

"Nimekusikiliza jana. Ulipiga kelele kwa taa."

Vijanda alikuwa anakamua pembeni, vidole vimefungwa kitambaa. Hakugeuka. "Kaka," alisema, "safari nyingine ukitaka kunisalimia niite kwa jina tu. Nitaitika."

Uerikua hakula siku ile. Na baridi ilikuwa inakuja. Tuliisikia alfajiri kwenye masikio.

Tulirudi Opuwo bila taa yoyote, kwa mwanga wa jua, mpaka kwa Severino. Severino ni fundi umeme wa magari, alitoka Angola zamani za vita akiwa na bisibisi moja, na hadi leo anajisifu kana kwamba ni yeye aliyeleta umeme mjini. Karakana yake ni kontena na kivuli cha turubai. Alifungua boneti, akakaa kimya. Kwa Severino hiyo ni dalili mbaya.

"Nani alifunga hizi?"

"Fundi mmoja," Uerikua akasema.

"Anafanana na wewe, huyo fundi?"

"Kidogo."

"Mwambie Mungu anampenda." Akachomoa kile kipande cha seng'enge, akakiinua juu watu wote wa karakana wakione. "Jamani! Njooni muone fyuzi ya ng'ombe!"

Wakacheka. Uerikua akacheka nao kwa meno tu.

"Sikiliza, kijana," Severino akaendelea. "Fyuzi kazi yake ni kufa. Inakufa ili gari lisife. Wewe ilikufa mara ya kwanza, ikafa mara ya pili, inakupigia kelele, wewe ukaleta kitu kisichokufa. Sasa kikafa nini? Swichi. Ingefuata pikapu, halafu wewe." Akagonga altaneta, ile mashine inayochaji betri, kwa bisibisi. "Na hii hapa ni ng'ombe mmoja mzee, ana maziwa ya ndama mmoja. Umemletea ndama wanne wakubwa, wote wanavuta. Lazima aanguke."

"Nifanye nini?"

"Ufanye kuniamini na kunyamaza. Vyote viwili vigumu kwako."

Alianza upya kabisa. Akatoa altaneta kubwa kwenye lori lililokuwa limekufa nyuma ya kontena, akaichomelea mkono mpya wa kuishikilia, akatafuta mkanda unaoitosha. Akaweka betri ya pili nyuma ya kiti, ndani ya kisanduku cha chuma, ili taa zikinywa zinywe huko, na ile ya kuwashia injini isiguswe. Waya mwembamba aliutupa kwa vidole viwili, kama mtu anayetupa panya, akaleta waya mnene wa mashine ya kuchomelea. Fyuzi ya kweli akaiweka karibu kabisa na betri. Mahali pa ethi, pale waya unapofungwa kwenye bodi, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Mimi nilishikilia kilichohitaji kushikiliwa, na nilitumwa maandazi.

Alipofika kwenye rilei, kile kidude kidogo cheusi, alimwita Uerikua aje aone. "Hiki hapa ndicho ulichokosa. Moto mwingi haupiti kwenye swichi tena. Swichi inatoa neno dogo tu, hiki kinasikia, kinauchukua moto kutoka kwa betri, kinaupeleka kwenye taa. Mkono wako hauguswi na kitu."

Uerikua alikitazama kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili kutazamwa.

"Severino," akasema, "usiziunganishe na ful. Nataka ziwe na swichi yao."

"Kila mtu anaunganisha na ful."

"Mimi sitaki. Na nataka pawepo na mkono wa chuma wa kukata umeme, pale kwenye betri. Swichi ikikwama nivute, zife."

"Swichi yangu haikwami!"

"Ikikwama."

Severino alitukana kwa Kireno, kisha akaufunga ule mkono. Jioni alipomaliza, akatuambia turudi nyuma, akawasha. Ukuta wa kanisa ng'ambo ya barabara ukatokea wote, nyufa na mijusi yake. Watu wakapiga makofi. Injini haikukoroma, wala mwanga haukutetemeka.

"Zima," Uerikua akasema.

Akazima.

"Washa. Zima. Tena zima kwa ule mkono."

"We bwana," Severino alisema, anajifuta mikono, "nimefunga taa katika mji huu tangu hujavaa suruali. Watu wote wanakuja kujaribu kuwasha. Wewe wa kwanza kuja kujaribu kuzima."

Tulirudi siku iliyofuata mchana kweupe. Uerikua alisimamisha gari kwenye mopane, akaenda kwa miguu, akazunguka boma kwa nyuma kama mgeni, akamwomba baba yake aje aone. Mzee alitoka baada ya kutuchelewesha kiasi cha kutosha kutufundisha adabu. Alilizunguka gari akiwa na fimbo yake, akazigonga taa moja moja.

"Zimepungua?"

"Hazijapungua, Tate. Ni nne."

"Kwa hiyo umeniletea zile zile."

"Ni zile zile. Lakini ndani si mle mle."

Mzee akakaa juu ya jiwe, akafungua ugoro. "Haya. Moto wake unalala wapi?"

Uerikua akafungua kile kisanduku nyuma ya kiti. "Hapa, Tate. Kwenye betri."

"Na nani anaulisha?"

"Hii hapa mbele. Gari likitembea inaulisha."

"Ukikaa bila kutembea?"

"Unaisha. Unakufa."

"Mh." Akanusa. "Na kutoka huko kwenda kwenye taa unapelekwa na nani? Maana ile siku ulikuwa unaubeba mwenyewe mkononi kama mwizi wa makaa. Nilikiona kidole chako."

Uerikua alisita. Niliona anatafuta maneno, halafu akayaacha, akamwonyesha baba yake kile kidude cheusi. "Huyu, Tate. Huyu ni kama Vijanda."

Nilidhani sasa fimbo itafanya kazi. Mzee alikiangalia, akamwangalia mwanawe, halafu akamwita binti yake aje. Vijanda akaja. Vidole vilikuwa vimeanza kupona.

"Kaka yako anasema kitu hiki ni wewe."

Vijanda akainama, akakitazama kwa makini. "Kinafanana naye zaidi," alisema. "Kidogo, cheusi, na hakisemi mpaka kiguswe."

Mzee alicheka hadi kifua kikapiga filimbi, na sote tukasubiri imalizike. Ilipotulia alisema kwa sauti ya chini:

"Ninyi mlidhani nimekasirika kwa sababu mwanga ulipita pale. Mwezi unapita pale. Radi inapita pale, na siwezi kuiambia izunguke nyuma. Nilikasirika kwa sababu mwanangu alikuja nyumbani na moto asioweza kuuzima. Huo si moto wa watu. Huo ni moto wa porini." Akainua fimbo. "Haya, nionyeshe."

Uerikua akawasha. Mchana ule taa zilionekana kama macho ya mgonjwa, lakini zilionekana. Akazima. Mzee akanyoosha mkono, akaomba aibonyeze swichi mwenyewe. Akawasha, akazima, akawasha, akazima, mpaka Vijanda akamwambia aache, ng'ombe wanamcheka.

"Sijasema nitapanda," mzee alisema akiondoka.

Baridi iliingia. Jioni moja, mbuzi wakiwa ndiyo kwanza wanaingia, tulimsikia akigonga kigoda kwa fimbo. Hakuweza kuita. Tulipofika midomo ilikuwa imebadilika rangi. Uerikua alimbeba mgongoni. Njia fupi kwenda kwenye gari ilikuwa kukata pale katikati, hatua chache tu, na wakati ulikuwa mali. Mzee alimpiga bega mara moja. Uerikua akazunguka nyuma, anakimbia, miguu ya baba yake inaning'inia pande mbili.

Vijanda alikuja hadi kwenye mlango wa gari, akamfunika baba yake ngozi. Yeye hakupanda. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Niliketi upande wa dirisha, mzee katikati yetu, nimemshikilia wima. Tukaondoka na taa ndogo, tukipapasa njia. Kwenye mopane Uerikua akapeleka mkono kwenye swichi, akakuta mkono wa mzee umeshafika.

Njia yote ikafunguka. Sijui niseme vipi. Nimezipita njia nyingi usiku, na siku zote giza ndilo lililokuwa bwana, mimi mpita njia tu. Jioni ile tulipanda Shingo jiwe kwa jiwe, kila moja likijitambulisha mapema kama mtu mwenye heshima, na Uerikua akilijibu kwa usukani. Hakuimba. Gari lilipopunguza mwendo, mwanga haukupungua. Kitu kilichosikika ni ile filimbi tu, inapanda na kushuka, na kila ikichelewa kupanda Uerikua alinitazama, nami nilimtikisia kichwa kwamba bado anapumua.

Juu kabisa ya Shingo, pale njia inapopinda kuelekea Opuwo, mzee aligonga dashibodi.

"Sim'misha," alisema. Hakuweza hata kulitoa neno zima.

"Tate, tusisimame. Tumeshapita pabaya, bado kidogo."

Akagonga tena. Uerikua akasimama, injini inaunguruma.

"Zima."

"Tate, pumzi yako—"

"Zima."

Uerikua alibonyeza swichi, akazima na taa ndogo. Giza likaja mara moja, likajaa gari lote. Kwa muda hatukuona chochote, hata mikono yetu. Kisha macho yakazoea. Mzee aligeuza shingo kwa shida, nami nikageuka naye. Chini kabisa, mbali, ng'ambo ya giza lote tulilolipita, kulikuwa na nukta moja nyekundu. Saa ile kijinga kilitakiwa kiwe kimelala ndani zamani. Vijanda alikuwa hajakirudisha. Alikuwa ameuacha moto nje na kuulisha, mkubwa kuliko kawaida yake, hadi unaonekana kutoka Shingo.

Mzee aliutazama. Nilihisi mbavu zake chini ya kiganja changu zinajaza hewa kidogo, zinatoa, zinajaza. Uerikua alikuwa ameweka kidole kwenye swichi, anangoja neno.

"Washa," baba yake akasema.

Akawasha, tukashuka kuelekea Opuwo.

Alikaa hospitali hadi baridi ilipopungua, akigombana na wauguzi kuhusu ugoro, akimwambia kila mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba mwanawe ana gari lenye moto unaozimika. Wagonjwa hawakuelewa sifa hiyo ni ya nini. Gari gani lisilozimika? Naye hakuwaeleza. Siku ya kurudi tulifika kwenye mopane giza likiingia, na Uerikua alipotaka kunyoosha mkono, alikuta swichi imeshazimwa.